Mashine ya Makasia na Shamba la Mkwe

Jumatatu, 10 Septemba 1956

Nimepata dawa ya mgongo!

Mzee Zephaniah, baba yake Tryphena, ametuma neno. Nikalime shamba lake kule milimani Mghange Jumamosi ya wiki ijayo. Ndiyo desturi yetu Wadawida. Kabla ya harusi mwoaji anakwenda kwa wakwe na jamaa zake, wanajipanga mstari, wanalima. Mwoaji anakaa katikati. Hapumziki mpaka mama mkwe alete uji. Baba mkwe anakaa kwenye kigoda ukingoni anaangalia migongo. Migongo tu! Akimwona mwoaji amesimama kushika kiuno, basi. Binti anabaki kwao.

Mimi ni karani wa mizigo hapa stesheni ya Voi. Jembe nililiacha nilipoanza kuvaa viatu. Mzee anajua. Alishamwambia Tryphena kwamba makarani wana mikono safi na migongo ya uji.

Sasa sikiliza. Kuna Mzungu wa mashamba ya mkonge anafunga mizigo kurudi kwao. Leo nilikwenda kuandika masanduku yake, nikaona mashine ya chuma. Kiti kinateleza juu ya reli mbili kama behewa. Kuna vyuma viwili vya kuvuta, mahali pa kufunga miguu, na skrubu ya kukaza iwe nzito. Nikauliza ni ya nini. Akasema ni ya kupiga makasia. Nikauliza maji yako wapi. Akasema maji hayahitajiki, mtu anapiga makasia sebuleni. Sikuelewa. Mtu na akili zake anakwenda safari ndani ya nyumba na hafiki? Lakini akaongeza kwamba inajenga mgongo. Hapo nilielewa mara moja!

Nimempa baiskeli yangu, ataiacha kwa mpishi wake. Amenipa mashine pamoja na sanduku lake. Nitapanda Mghange na mgongo wa fahali.

Jumanne, 11 Septemba

Nimeanza. Skrubu nimeikaza mpaka mwisho. Kwa nini nianze na kidogo wakati Jumamosi inakuja?

Nikavuta. Kiti kikaenda kwake, mimi nikaenda kwangu. Nikapiga kelele. Mama Beth, jirani yangu, akaingia mbio akidhani napigwa. Akauliza nafanya nini sakafuni. Nikamjibu napiga makasia. Akaangalia chumba kizima. Akainama akaangalia chini ya kitanda. Hakuona maji. Akatoka. Baadaye akaniletea uji wa mtama, ule anaowapelekea wagonjwa.

Nimekunywa. Uji ulikuwa mzuri.

Alhamisi, 13 Septemba

Maumivu! Hapa chini, juu kidogo ya mshipi.

Na Donald amekuja. Donald ni karani wa tikiti, mlango wake unatazamana na wangu. Kwao pia ni Mghange. Aliwahi kumtaka Tryphena, kanisa zima linajua, Tryphena akamkataa kwa adabu. Tangu hapo ananichekea. Mtu aliyekataliwa anacheka nini?

Donald alikuwa jeshini wakati wa vita, na huko ng'ambo aliona watu wakipiga makasia. Aliegemea mlango akaniangalia. Halafu akasema nafanya kinyume.

"Anza kwa miguu, ndugu yangu," akasema. "Sukuma kwanza. Mgongo uwe mnyoofu, uinamie kwenye nyonga, usijikunje kama kamba. Mikono iwe ya mwisho."

Akaendelea. Kurudi, mikono inatangulia, halafu mgongo, magoti mwisho kabisa. Akataka nilegeze skrubu. Niende polepole. Nikisikia uchungu niache.

Nikamshukuru. Nikafunga mlango nikafikiri. Mtu aliyemtaka mchumba wangu anautakia nini mema mgongo wangu? Hainiingii kichwani. Anataka niharibikiwe! Kwa hiyo dawa ni moja: kufanya kinyume cha kila alilosema. Mikono kwanza, halafu mgongo wote, miguu ibaki imelala. Skrubu nimeikaza zaidi kwa kutumia koleo.

Hanipati mimi.

Ijumaa, 14 Septemba

Siwezi kufunga viatu. Nimekwenda kazini na makubazi. Stesheni masta aliuliza kama ni sikukuu.

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati.

Nimechanganyikiwa. Nimefanya kinyume cha Donald na mgongo umekufa. Basi alisema kweli? Lakini kwa nini aseme kweli? Labda alijua nitafanya kinyume, ndiyo sababu akasema kweli, ili nidhurike. Huyu mtu ni hatari! Basi nifanye kinyume cha kinyume. Lakini hicho si ndicho alichoniambia tangu mwanzo? Nikikifanya nitakuwa nimemtii. Sasa na kichwa kinauma.

Jumapili, 16 Septemba

Kanisani. Watu walipopiga magoti mimi nilibaki nimesimama kama mlingoti wa simu. Kasisi aliniangalia mpaka amina.

Tryphena aliningoja nje. Anafundisha darasa la pili hapa Voi, na ana macho ya kuona mtoto aliyeficha peremende. Aliuliza kwa nini natembea hivyo. Nikasema najiandaa. Akauliza najiandaa na nini. Nikamweleza mashine. Akasema baba yake hatanii. Nikishindwa Jumamosi, kuna mwanamume wa Mraru aliyefiwa na mke, mwenye duka, ameshauliza habari zake mara mbili, na mama yake ameanza kumsifia duka.

"Crispus, usinifanyie maajabu," akasema. "Lima tu."

Nampenda huyu msichana. Naandika hapa kwa sababu kule kanisani sikulisema. Nilisema kwamba jua ni kali.

Jumanne, 18 Septemba

Mama Beth amenikanda kwa chumvi ya moto na mafuta ya simsim. Nililia kidogo. Akanionea huruma, akaomba aone ninavyopanda hiyo mashine. Nikapanda. Nilipovuta tu akanizuia. Akasema hata mwanamke akiinua debe la maji havunji kiuno, anashuka kwa magoti, anapanda kwa miguu, mgongo umetulia.

Maneno yaleyale ya Donald! Ametumwa. Wamekaa wakapanga, na uji ule labda ni wa Donald.

Lakini watu wawili wamesema mgongo uwe mnyoofu, na mgongo wangu hautaki. Nikiunyoosha unajikunja. Nikiukemea unajikunja zaidi. Nifanyeje?

Naangalia sanduku la mashine. Mbao zake ni imara, zimenyooka sana.

Ewe Crispus!

Ijumaa, 21 Septemba

Nimekwisha fika Mghange. Ubao uko mgongoni, kutoka mabegani mpaka kiunoni, nimeufunga kwa vipande vya shuka, shati juu. Hauonekani kabisa ukinitazama kwa mbele.

Lori lilitutupa huku na huku mpaka juu. Wenzangu walilala wameegemeana, mimi nilikaa wima kama bibi arusi. Donald naye amekuja kulima, kwa kuwa ni mtu wa hapa. Aliniuliza mgongo unaendeleaje. Nikasema haujawahi kuwa imara hivi. Sikudanganya.

Huku kuna baridi na ukungu. Mama mkwe ametupa kimanga, muhogo uliopondwa na maharage. Tryphena amepita na kuni, akaniangalia mara mbili.

Jumamosi, 22 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi. Niandike yote kwa mpango.

Tulijipanga. Wimbo ukaanza. Nikainua jembe, nikataka kuinama kama ninavyoinama siku zote. Ubao ukakataa! Ikanibidi nikunje magoti, niinamie nyongani, nisukume kwa miguu. Jembe likaingia. Nikarudia. Likaingia tena. Na mgongo? Kimya. Hauumi! Sikuelewa kitu. Nikalima tu. Nikampita Donald. Nikamsikia Mzee Zephaniah akimwambia ndugu yake kwamba karani huyu analima kwa miguu, wazee wa zamani walilima hivyo.

Uji ukaja. Nimeshinda! Tryphena alikuwa nyuma ya mama yake na chungu, akitabasamu waziwazi mbele za watu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Mzee akaacha kigoda. Akanijia. Akanipiga mgongoni kwa furaha, kama baba.

Ko!

Mzee akautazama mkono wake. Akanipiga tena. Ko! Yeye mwenyewe akainua shati langu, mbele ya ukoo wote. Ubao ulikuwa na muhuri mwekundu wa stesheni ya Voi, na mshale wa kuonyesha upande wa juu. Mshale ulielekea chini.

Tryphena akajifunika uso kwa leso. Mabega yalikuwa yakitikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka, na siwezi kumuuliza.

Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ubao umelima vizuri," akasema. "Sasa namtaka mwenye ubao."

Nirudi kabla ya masika, akasema, nilime tena, na mbao nizibakishe Voi. Mama mkwe akataja mtu wa Mraru. Hapo Donald akasogea mbele akavua kofia. Akamwomba Mzee asimpe mtu mwingine neno lolote mpaka wakati huo. Akasema atanifundisha mwenyewe, kwa kuwa miguu leo ilikuwa yangu na si ya ubao. Mzee akakubali. Tryphena akaondoa leso usoni, akamshukuru Donald kwa jina.

Kwa jina! Anatafuta nini huyu Donald?

Jumatatu, 24 Septemba

Nimerudi Voi. Tryphena alipita jioni, Donald akiwa hapa. Donald alilegeza skrubu, akakaa kwenye mashine akavuta. Miguu, mgongo, mikono. Mikono, mgongo, miguu. Huku anaongea! Hakuumia popote. Tryphena akaomba ajaribu. Akavuta vizuri mara ya kwanza. Mama Beth akajaribu na leso yake kiunoni, akavuta mpaka akaimba. Kila mtu anaiweza isipokuwa mwenye mashine.

Wakati wa kuondoka Tryphena alinivuta kando.

"Nitakungoja mpaka masika," akasema. "Fanya kama Donald anavyokuonyesha. Mvua ikinyesha kabla hujalima, sitakuwa na la kumwambia baba."

Machozi yalinilengalenga. Nikamwahidi kwa moyo wote kwamba safari hii sitakosea.

Jumapili, 28 Oktoba

Nimeliona kosa! Nililitafuta wiki nzima, kumbe lilikuwa wazi. Ubao ni mti, na mti ukipigwa unalia.

Kuna fundi wa matandiko ya farasi nyuma ya soko. Amenishonea ngozi ngumu ya ng'ombe, mabegani mpaka kiunoni, na vifungo vyake. Haina muhuri wala mshale. Nilikuwa sina cha kumpa, kwa hiyo Donald amemlipa, na mimi nimempa Donald mashine. Aliuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia aichukue, mimi nimeshapita huko.

Sasa anavuta kila jioni mlangoni kwake. Mgongo wake umeanza kupanuka, hata Mama Beth amesema. Tryphena hupita akitoka shuleni, anakaa kwenye ngazi, anamhesabia. Wanaonekana wamechoka sana, maana wakimaliza wanakaa muda mrefu bila kusema kitu.

Nawahurumia. Hawajui nina nini chini ya shati. Nimejipiga mgongoni asubuhi yote, na ngozi haina sauti hata kidogo.