Historia ya Kampuni, na Mimi Ndani Yake

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shangazi anastaafu mwisho wa mwezi. Katangaza asubuhi, kasimama katikati ya ofisi na kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayesema karatasi za printa zimekwisha. Kampuni yake ya kuhifadhi tovuti za watu inatimiza miaka ishirini, na anatafuta wa kumwachia kiti. Tupo wawili. Mimi, mpwa wake wa damu. Na Fundi Mkuu, mtu asiye na udugu naye wala maneno, anayeshinda chumba cha seva na sweta lake kwa sababu ya baridi ya mle ndani.

Mimi nimepewa kazi ya kuandika kitabu cha historia ya kampuni. Fundi Mkuu kapewa kazi ya kubadilisha betri. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda kuwahoji wateja wa mwanzo. Nilitegemea wataje jina langu. Wapi. Ni Shangazi, Shangazi, Shangazi.

Seremala wa mtaa wa nyuma anasema tovuti yake ndiyo ilikuwa ya kwanza: picha tatu za vitanda, basi. Kompyuta yenyewe ilikaa chumbani kwa Shangazi, chini ya cherehani. Umeme ukikatika, Shangazi aliifunga mgongoni kwa mbeleko na kuipeleka kwenye mashine ya kusaga nafaka, kwa kuwa wale walikuwa na jenereta. Alirudi nayo nyeupe kwa unga.

Mkunga mstaafu kanieleza kubwa zaidi. Kila mara tovuti yake ilipozimika, Shangazi alimpigia simu kabla yeye hajajua. Ukweli kwanza, kisha samahani, kisha saa ya kurudi. Mpaka leo hiyo ndiyo sheria ya kampuni: piga kabla hujapigiwa. Mkunga anasema wenzake waliohamia kwingine hudanganywa, ndiyo maana yeye habanduki.

Nakiri hapa, ambapo hakuna anayesoma: Shangazi ni mwanamke wa shoka. Tatizo ni kwamba nimefikisha kurasa arobaini na mimi nimo kwenye sentensi moja. Nilinunua mapazia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata dawa. Kesho nitachomoa waya mmoja tu, wa mashine yenye tovuti ya seremala, maana ni mpole. Tovuti itazimika dakika tano. Nitampigia mimi wa kwanza, nitamtuliza, nitauchomeka. Sura nzima ya ushujaa, na kiti juu yake. Fundi Mkuu atakuwa amekwenda kula. Nimeitafuta kasoro ya mpango huu, sijaiona.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Waya haukuwa wa seremala. Ulikuwa wa kabati zima la mashine. Wateja mia mbili na kumi na wawili, kwisha habari yao.

Nikauchomeka upesi. Mashine hazikuamka, zikanikodolea taa nyekundu. Nikampigia seremala, nikamwambia dhoruba kali imeangusha mitambo. Akaniuliza dhoruba ipi, mbona yeye yuko nje anapiga randa na jua linamchoma kisogo. Nikakata simu.

Fundi Mkuu alirudi bado anatafuna. Hakuuliza ni nani. Alipita mashine moja baada ya nyingine, anaiwasha, anaisikiliza, anakwenda nyingine. Dakika hamsini, zote zikarudi. Sikujua kama mtu anaweza kufanya kazi vizuri hivyo bila kujisifu hata kidogo.

Shangazi ndiye aliyeuliza, mashine zikiwa bado zimezimika. Nikasema panya. Akanitazama. Nikasema mimi, na nikaeleza kwa nini.

Akatugawia majina ya wateja, ofisi nzima ikashika simu wakati Fundi Mkuu anahangaika. Nilimsikia Shangazi, mteja baada ya mteja: mpwa wangu kachomoa waya kwa makusudi, samahani sana, utarudi hewani kabla ya saa tisa. Neno makusudi hakuliruka hata mara moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Na hakuna aliyehama. Hata mmoja. Watu wanamwamini kiasi hicho. Macho yalinilengalenga machozi, na safari hii si kwa kujihurumia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kiti kapewa Fundi Mkuu. Kasimama kushukuru, kasema asanteni, kakaa. Anastahili. Imeniuma.

Baadaye Shangazi kaniita. Anasema kitabu nacho kitafuata sheria ya simu, ukweli kwanza, kwa hiyo sura ya saba kaiandika mwenyewe: "Siku Mpwa Wangu Alipochomoa Waya". Kanipa niisome taratibu, nijifunze.

Nimeisoma mara tatu. Kurasa kumi na moja. Seremala ana mbili. Fundi Mkuu, meneja mzima, ana nne. Ukimtoa Shangazi, hakuna mtu katika historia yote ya kampuni hii aliyeandikwa kunishinda mimi.

Nimeshampigia mpiga chapa. Picha yangu itakaa kwenye jalada, nimeushika waya.