Injini Iliyong'olewa kwa Ubishi

Jumatatu, 3 Juni
Nimedhalilishwa mlimani. Shemeji, kaka wa mke wangu, kanipita na pikapu iliyobeba magodoro. Magodoro! Mimi nimo ndani ya gari la spoti, jekundu, milango miwili, limeinama kama chui anayenyemelea. Akapiga honi. Kisha akanipungia mkono kwa huruma. Honi ningeisamehe.

Binti yetu anarudi Jumamosi baada ya miaka mitatu ya masomo ugenini. Kaniambia hataki kupokewa uwanja wa ndege na gari jingine lolote. Alipokuwa mdogo aliusikia mngurumo wake tangu kona ya duka, akakimbilia getini kabla sijafika. Mke wangu anasema gari ni zima, libadilishwe oili tu. Oili! Hivi ndivyo mataifa yanavyodidimia.

Jumanne, 4 Juni
Gereji. Fundi kanipa njia mbili: kuifungia injini yangu turbo, iishindilie hewa ipate nguvu, au kuing'oa kabisa na kuweka kubwa zaidi. Akashauri turbo, injini bado imara, kazi itaisha Ijumaa. Mpiga rangi akaunga mkono. Muuza matairi akaunga mkono. Hata mteja aliyekuja kuziba pancha akaunga mkono!

Watu wanne wakikubaliana, mwenye akili huanza kutafuta mlango. Nikapanda juu ya tairi, nikawahutubia kwamba "wengi wape" ni kanuni ya wavivu. Nikaamuru injini ing'olewe. Fundi akauliza mara mbili kama nina hakika. Mara ya pili ndiyo iliyonipa hakika.

Jumatano, 5 Juni
Imetoka. Ilining'inia kwenye winchi, ndogo, nyeusi kwa masizi, ikidondosha oili. Niliifuta kwa leso yangu. Vumbi. Imechukuliwa na mkulima, ataendeshea pampu ya maji. Ile kubwa imeingia kwa taabu. Boneti haifungi. Hiyo si kasoro, ni heshima.

Alhamisi, 6 Juni
Msiba! Shemeji kapita gereji. Nilikuwa na hoja saba tayari kwa vita. Akaizunguka injini, akasema, "Hapo umepatia, shemeji. Hata mimi ningebadilisha. Turbo ni mambo ya watoto."

Ananikubali! Mbele za watu! Nikajikuta namwambia amepotoka, turbo ndiyo jibu la mtu mzima. Fundi akanikumbusha kwamba injini ya kufungiwa turbo imekwenda kuvuta maji. Basi ifungiwe hii kubwa, nikasema. Akasema boneti haifungi hata sasa, mabomba ya turbo tuyapitishe wapi, mzee, tumboni mwako? Wakacheka. Nikaamuru injini ishushwe, kazi ianze upya.

Jumamosi, 8 Juni
Gari lina shimo mbele. Injini iko sakafuni, turbo kando yake, kama wagomvi waliotenganishwa. Binti kaja na pikapu ya shemeji, kabanwa kati ya mjomba na mama yake. Niliwangoja getini. Safari hii mimi ndiye niliyengoja getini. Pikapu ile haina sauti ya maana. Nilikuwa nimeshageuka kurudi ndani ndipo nikasikia mlango wake ukifunguliwa.

Akanikumbatia, akasema si neno, baba. Afadhali angegomba. Akauliza gari liko wapi. Nikamweleza faida za injini kubwa, kisha faida za turbo. Alisikiliza zote kwa heshima, halafu akaniuliza hasa nilikuwa nashindana na nani. Nikanyanyua sanduku lake, nikaingia ndani. Mimi, mwenye hoja saba, nabeba sanduku!

Nimejuta. Naandika neno hili mara moja tu.

Jumapili, 9 Juni
Binti ana wazo: tuiombe injini ya zamani. Kampigia simu mkulima; muungwana yule, amekubali tubadilishane na ile kubwa. Mke wangu kakubali. Fundi kakubali kwa haraka iliyonitia shaka, lakini nimemeza. Binti yuko hapa wiki moja tu. Kabla hajaondoka ningemzungusha mji mzima kwa mngurumo ule ule wa utotoni mwake. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Ndipo shemeji, aliyekuja kunywa chai, akasema hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyosikia wiki hii, na pikapu yake ipo, tukaibebe.

Nimevua viatu. Turbo inafungwa kesho, kwenye injini ile kubwa.