Nyota Yenye Mkia na Ufunguo wa Kompyuta

Jumatano, 5 Februari 1997
Padri Eustaki kasema Jumapili atachagua mtu wa kukaa na ufunguo wa chumba cha kompyuta. Kompyuta yenyewe ni moja misheni nzima. Tuko wawili: mimi, karani, na Rafaeli, mwalimu wa hesabu, mtu wa kutabasamu hovyo. Ufunguo ni wangu! Mle ndani kuna programu ya kuchora anga. Redio inasema nyota yenye mkia inaonekana alfajiri. Nitamwonyesha Padri kabla Rafaeli hajashtuka.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeijaza mashine kila kitu. Mahali: Sumbawanga. Siku: Jumamosi. Saa: 12:00. Saa kumi na mbili asubuhi huku kwetu bado giza, ndiyo saa yenyewe. Ikachora. Nyota iko kaskazini, juu sana. Jirani yake duara kubwa la manjano, sijui sayari gani. Inapendeza, lakini. Nimechapa ramani na kumtangazia Padri. Rafaeli akaomba aione. Nikaikalia.

Ijumaa, 7 Februari
Mvua. Nimealika na wanakwaya. Silvana wa sauti ya kwanza kakubali! Nimepiga koti pasi.

Jumamosi, 8 Februari
Aibu. Kilimani Kasense, baridi ya kugonganisha meno, na Rafaeli naye kaja. Nikawapanga wote wakitazama kaskazini, vichwa juu. Patupu. Nikawaambia mvumilivu hula mbivu. Padri shingo ikamkaza, akageuka mashariki kujinyoosha. Nyota ile pale! Chini, juu kidogo ya miti, na mkia wake. Kwaya ikaangua kicheko. Silvana akaichukua ramani, akaniuliza kama sayari yangu ya manjano si jua. Rafaeli akaisoma ramani taratibu.

"Bwana Felisian, hapa umeomba anga ya mchana. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane. Inapishana na sisi saa sita."

Silvana akashuka kilima pamoja naye. Roho imeniuma.

Jumapili, 9 Februari
Ufunguo kapewa Rafaeli. Nimenuna misa nzima. Baadaye nikamwomba anifungulie kidogo, naye akafungua, mjinga yule. Saa sita, siyo? Vema. Kumi na mbili jumlisha sita, kumi na nane. Nikaijaza ile ile Jumamosi, saa 18:00. Mashine imesema kweli: nyota haipo, imezama, iko chini ya ardhi kabisa! Kwa hiyo jana Padri hakuona kitu. Kesho asubuhi nampelekea ramani hii nimweleze, anirudishie ufunguo wangu.