Kila Mtu Akaoge!

Jumatatu, 4 Februari

Mama Watoto,

Mifuko yako kumi ya uyoga ipo. Ile uliyoijaza mabua kwa mkono wako, ukaifunga mafundo mawili mawili. Wiki ya tatu tangu ututoke. Utando mweupe umeenea, uyoga hauchomozi. Chumba chako cha cherehani kinachoma! Dada yako, aliyebaki nasi tangu msiba, kasema hadi Jumapili pasipoota kitu, ataihamishia kwake. Shemeji huyo huyo aliyeua mnanaa ndani ya ndoo ya maji! Haitoki. Nina mpango.

Jumanne, 5 Februari

Kibadilisha joto! Fundi friji kanieleza. Rejeta ya gari letu bovu, ile ya kupoza injini, feni nyuma yake. Pampu inavuta maji baridi kwenye tangi la kivulini, lile la bafuni, yanapita ndani ya rejeta, yanabeba joto la chumba, yanarudi tangini. Digrii thelathini na moja zimeshuka hadi ishirini na tano! Nimejipigia makofi. Ungekuwepo ungesema nikae chini kwanza, ninywe maji.

Jumatano, 6 Februari

Ishirini na tisa! Tangi limeshiba joto. Nikashika kichwa. Mara binti yetu katoka bafuni anaimba, eti maji leo vuguvugu, raha tupu. Nikakimbilia chumbani: digrii zimeshuka! Nikaelewa. Mtu akioga, maji ya moto yanatoka, ya baridi yanaingia tangini. Kumbe uyoga wako unataka watu wasafi!

Alhamisi, 7 Februari

Binti kaoga mara tatu, vidole vimekunjamana. Fundi friji nimemkaribisha, kaoga, kaniaga akinitazama vibaya. Shemeji nimemwomba kwa upole kabisa aoge tena kabla ya chai. Kauliza kama ananuka. Nikasema hata kidogo, ni kwa ajili ya uyoga. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Digrii ishirini na tatu!

Ijumaa, 8 Februari

Nilibandika ratiba ya kuoga mlangoni. Shemeji yumo mara nne. Kafungasha! Kasema tangu azaliwe hajaitwa mchafu, tena na mume wa mdogo wake. Kaondoka na mfuko mmoja kwapani. Mfuko wako! Binti naye kagoma, kasema, "Baba, mimi si samaki." Digrii thelathini. Nimeoga mwenyewe mara sita.

Jumapili, 10 Februari

Mifuko tisa, hakuna kitu. Feni imeikausha midomo.

Shemeji karudi na wake. Umechanua! Uyoga mpana, laini, kama masikio ya mtoto. Aliuweka chini ya sinki, akaufunika kile kitambaa chako cha bluu, kimelowa. Kasema ulimfundisha wewe, na hii tisa itapona vivyo hivyo, ila niizime feni. Tukalia wote wawili. Kasema ibaki hapa hapa, chumbani kwako. Nikaizima. Nimekubali kila neno.

Ila nimefikiri, Mama Watoto. Mfuko ule ulikaa na mashine yangu siku tatu kabla ya kuondoka. Basi ni mashine iliyouotesha! Kosa ni watu wachache. Kwa shemeji wako saba, wote wanaoga. Fundi friji ana rejeta ya lori. Kesho napeleka ratiba.

Huko uliko, unikumbuke.