Kitabu cha Kweli cha Darasa la Sita

Jumatatu, 14 Julai
Siku kuu! Mwalimu wa taaluma amestaafu na ofisi yake iko wazi. Ina dirisha linaloangalia reli ya Zuzu. Ina kiti cha kuzunguka! Nimekikalia wakati wa mapumziko, nimezunguka mara nne, nikatoka na kizunguzungu na uhakika kwamba tumeumbiwa kuwa pamoja.

Kikwazo ni kimoja: Mwalimu Priska. Mwalimu Mkuu, Mama Mwamvua, ametangaza kwamba Ijumaa mthibiti ubora anakuja kukagua shule, na mimi na Priska kila mmoja atafundisha somo la mfano. Atakayempendeza mgeni atapewa ofisi. Mada: kusoma vitabu vya maarifa. Si hadithi. Vile vyenye vichwa vya habari, ramani, picha zenye maelezo chini, yaliyomo mwanzoni na faharasa mwishoni. Priska akaandika kimya kimya kwenye daftari. Maskini, hajui anashindana na nani.

Jumanne, 15 Julai
Nimechungulia dirishani kwa Priska. Ana vitabu arobaini! Kaazima kwa dada yake anayefundisha Mlali. Mimi ninavyo vitatu kwa wanafunzi hamsini na wanane. Nikawaambia wafungue ukurasa wa yaliyomo kwenye kile cha ufugaji wa nyuki. Haupo. Ulishafungiwa karanga.

Hapo ubongo ukawaka. Kama hatuna vitabu, tuandike chetu! Kitabu kuhusu shule yetu, kila kitu cha kweli. Nikagawa kazi: hawa ramani, hawa picha, hawa vichwa vya habari. Anitha, binti mkimya wa dawati la nyuma aliyehamia kutoka Haneti, nikampa faharasa. Akauliza inafanyaje kazi. Nikamweleza: orodhesha mambo muhimu kwa alfabeti, weka namba ya ukurasa, ili msomaji asiye na muda alipate jambo upesi. Akauliza kama ni jambo lolote. Nikasema lolote, mradi ni kweli. Akanishukuru sana. Mtoto ana adabu huyu!

Alhamisi, 17 Julai
Kimekamilika! Kurasa ishirini na nne, zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Nimesoma kumi za mwanzo. Safi kabisa: ukame, miti tuliyopanda, historia ya kengele. Picha ya Mama Mwamvua inafanana na tenki la maji, lakini maelezo ya chini yanasema ni yeye, kwa herufi nene. Ndiyo faida ya maelezo.

Faharasa sikuifungua. Nani husoma faharasa?

Nikampelekea Priska akione, aumie. Akaanza nyuma. Akakohoa hadi machozi, kisha akanishauri nipitie kurasa za mwisho kabla ya kesho. Wivu mtupu! Nikamwambia anywe maji.

Ijumaa, 18 Julai
Mthibiti ubora ni Bi. Joha, mama mfupi, miwani puani. Darasa likasimama, shikamoo ikatikisa bati. Nikamkabidhi kitabu kwa mikono miwili. Akasema hana muda mrefu, akafungua nyuma, akasoma kwa sauti:

“Chai ya walimu, urefu wake: 11, 12, 13, 14. Kiti cha kuzunguka: tazama Mwalimu Octavian. Mwalimu Octavian: anavyozunguka, 19, anavyosinzia kipindi cha nne, 17, maficho yake wakati wa paredi, tazama ramani. Ubuyu wa wanafunzi: ulivyochukuliwa, 20, ulivyoliwa, 21.”

Mwalimu Octavian ni mimi.

Akafungua ramani. Nyota nyekundu nyuma ya stoo ya mahindi. Akaomba twende. Tukaenda: yeye, Mama Mwamvua, mimi, na darasa zima kwa mstari. Mkeka wangu ulikuwepo. Mbegu za ubuyu pia, nyingi kuliko nilivyodhani. Mama Mwamvua akainama kuzihesabu. Masikio yangu yaliwaka kama jiko.

Bi. Joha akauliza nani kaandika faharasa. Anitha akanyoosha mkono.

“Mwalimu alisema lolote, mradi ni kweli.”

Bi. Joha akamshika mkono huo. Akasema amezunguka shule nyingi, hajaona watoto wanaojua kukisoma kitabu namna hii. Darasa likalipuka kwa vigelegele. Nami nikapiga. Wanafunzi wangu hao!

Jumatatu, 21 Julai
Priska amepata ofisi. Sijali, kwa sababu nimepata barua! Juu, kwa herufi kubwa nene: MAFUNZO YA USOMAJI KWA WALIMU, SIKU TANO. Chini kuna jedwali, na jina langu limo! Nimesimama ofisi ya walimu na kuwatangazia wenzangu kwamba nimeteuliwa kuwafundisha walimu wa kata nzima. Wameshangilia mno. Wengine wameegemea ukuta.

Anitha alikuwa ameleta madaftari. Akaniuliza kwa heshima kama nimesoma vichwa vya safu za jedwali. Nikamwambia mambo makubwa huandikwa kwa herufi kubwa, hayo madogo ni mapambo. Jina la Priska liko peke yake safu ya kushoto. Langu liko kulia, katikati ya majina mengine mengi, na kulia ni upande wa heshima.

Nimeazima tai. Nimempa pole Priska, na kumsihi siku hiyo akae mbele anisikie vizuri.