Daktari wa Nyayo Ndani ya Beseni

Wengine wakiona foleni hununa. Asali akiona foleni huinama kidogo, kama mtu aliyedondosha kitu, akatazama miguu. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi mbele ya benki, hana pa kwenda wala haraka ya kufika, akaona jambo ambalo mimi na wewe tungelipita tu. Viatu vya watu wa mji ule vilikuwa vizuri kupita kiasi, ngozi tupu, vimepigwa rangi vikang'aa. Na waliovivaa walikuwa wakihamishia uzito mguu huu, mara mguu ule, nyuso zimekunjamana. Viatu vizuri, miguu yenye maumivu. Asali aliona si haki vitu viwili hivyo kuendelea kukaa pamoja, na kwa huruma aliyojaliwa akaamua kuvitenganisha.

Tumpe haki yake: habari za miguu alizijua. Alizaliwa na nyayo bapa, hazina uvungu hata wa kupitisha karatasi. Alitembea kwa maumivu tangu utoto, mpaka tabibu mmoja wa hospitali alipompima na kumshonea viatu vyake mwenyewe, vina kinundu cha kubeba uvungu ulioanguka, kisigino kimeshikwa imara, na upande wa ndani umenyanyuliwa kidogo ili kifundo kisilale. Hiyo ndiyo mali pekee aliyowahi kuipata kwa njia halali, na pengine ndiyo maana aliionea wivu kama mke. Bila viatu vile hakuweza kufika mwisho wa mtaa bila kusaga meno. Na mtu wa kazi yake, siku ulimi ukigoma, hana kingine cha kumwokoa ila miguu.

Pamoja na viatu alichukua pia maneno yote ya yule tabibu, ambayo hayakuwa kwenye bei.

Akapanga chumba cha mbele kwa mzee mmoja mstaafu, Mwenye Nyumba, mtu mwenye mkono mgumu kiasi kwamba taa ya sebuleni aliizima wageni wakiwa bado wanaongea. Akavaa koti jeupe, akabandika tangazo mlangoni: tiba ya nyayo, bure kabisa, mfadhili amelipa. Neno bure lina nguvu kuliko dawa. Kufikia saa nne uani hapakuwa na pa kuweka mguu, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa Mwenye Nyumba mwenyewe, aliyekuwa haumwi popote.

Kipimo kilikuwa chepesi. Mgonjwa analowesha mguu, anakanyaga karatasi ya kaki, anatoka. Mwenye uvungu mzuri huacha alama iliyobonyea katikati, asiye nao huacha alama nzima kama mkate. Hicho ni kipimo cha kweli, na Asali hakukichezea hata kidogo, isipokuwa kwamba karatasi yake aliilowesha mapema kwa chini, ili maji yasambae mpaka katikati. Hivyo mji mzima ukaonekana una nyayo bapa. Mwenye Nyumba, ambaye uvungu wake ungeweza kufuga panya, aliitazama alama yake akashika kichwa.

"Mzee wangu, umetembeaje miaka yote hii?" Asali alimuuliza kwa sauti ya msibani.

"Kwa kuvumilia tu, Dokta," alijibu Mwenye Nyumba, na kuanzia dakika ile akaanza kuchechemea.

Tiba ilikuwa hivi. Mgonjwa aache viatu vyake, Dokta avipeleke kiwandani vikawekewe kinundu na kisigino kipya, vitarudi vikiwa dawa. Lakini viwe viatu bora, ngozi halisi, kwa sababu plastiki haishiki tiba. Watu walipandisha hadhi ya ugonjwa wao papo hapo. Mmoja alileta viatu vya harusi yake, mwingine akaleta vya harusi ya kaka yake bila kaka kujua. Mwenye Nyumba alileta vyake na vya shemeji yake aliyekuwa safarini. Wote wakarudi makwao kwa ndala, wakisifu. Chumba kikajaa magunia ya viatu, na Asali akaweka nia ya kuondoka kesho yake mchana, aende soko la mitumba la mji wa jirani, ambako muuzaji haulizwi maswali.

Kesho yake asubuhi ndipo alipoingia Shangazi.

Hakuna aliyemjua, lakini alikuwa na sura ya shangazi wa kila mtu: mama mnene, mpole, mkongojo mkononi, anatembea kama anayekanyaga mayai. Nyuma yake vijana wawili wapagazi walibeba sanduku la bati wakihema. Alipofunua kifuniko, Asali alimeza mate. Juu kabisa vilipangwa viatu vya kiume vya ngozi laini, ambavyo mtu huvaa akiwa hana mpango wa kutembea. Vya marehemu mume wangu, alieleza Shangazi, sanduku zima. Yeye aliumwa nyayo mpaka akafa kwa kitu kingine. Angependa Dokta avichukue vyote avitie dawa, awagawie wajukuu.

Asali alisema pole kwa msiba, na pole hiyo ilitoka moyoni.

Tatizo lilikuwa moja. Marehemu, alisema Shangazi, alipotibiwa ng'ambo hakupimwa kwa karatasi. Waliuchovya mguu kwenye jasi, ule unga mweupe ambao mafundi hutengenezea dari, ukikauka wakapata umbo kamili la unyayo. Daktari asiyetumia jasi yeye hamwamini. Na jasi alikuja nayo, mfuko mzima, kwa sababu hapendi kusumbua watu. Asali alikumbuka kuwa hata tabibu wake alifanya kitu kama hicho, akakubali haraka, akaazima beseni la mke wa Mwenye Nyumba. Shangazi akakoroga mwenyewe, akatia na chumvi, uji ukawa mzito. Halafu akautazama, akarudi nyuma.

"Mwanangu, naogopa. Tangulia wewe nione kama hauumi."

"Mama, daktari ndiye apimwe?"

Shangazi alianza kufunga sanduku taratibu, akisema basi, hana neno, atatafuta kwingine.

Asali alivua viatu. Alivivua kama anavyovivua kila siku, kwa adabu, akaviweka sambamba kando ya kiti, akatumbukiza miguu yote miwili. Jasi ikafika juu ya vifundo. Baada ya muda kidogo ikaanza kupata joto, naye akauliza kama joto lile ni la kawaida. Shangazi alimwambia ni mishipa inaamka, atulie, akitikisika umbo litaharibika. Akatulia. Alikuwa mgonjwa msikivu kuliko wote aliowahi kuwatibu.

Alipojaribu kunyanyua mguu, jasi ilikwisha kuwa jiwe, chumvi imeiharakisha; beseni lilinyanyuka nalo kidogo, likakataa.

Shangazi alikwisha simama wima. Mkongojo ulibaki ukutani. Aliondoa viatu vya juu kwenye sanduku, na chini yake palikuwa na matofali, ambayo vijana waliyapanga pembeni bila fujo. Kisha wakaanza kujaza magunia. Asali alifungua mdomo kupiga kelele, akaufunga. Angesema nini? Kwamba anaibiwa viatu vya watu?

"Kazi yako nzuri," Shangazi alimwambia, bila dhihaka. "Mimi zamani nilifanya ya miwani. Watu wakishatoa miwani hata sura yako hawaioni." Akainama, akaokota vile viatu vilivyokuwa kando ya kiti, akavigeuza, akabonyeza kinundu kwa kidole gumba. "Hivi ndivyo vilivyokusaliti jana, mwanangu, nilipokuchungulia. Kinundu kimekaa mahali pake hasa. Mwenye viatu hivi anajua tiba ya kweli, basi ya nini kupima watu kwa karatasi mbichi?"

"Hivyo niachie," alisema Asali. "Chukua vyote, hivyo niachie. Sitaweza kutembea."

Shangazi alimwangalia kwa huruma, akavitia kwenye sanduku, akatoka na vijana wake.

Mchana wagonjwa walifika kuuliza viatu, wakamkuta Dokta kakaa na miguu ndani ya beseni. Aliwaambia mwenzake amevipeleka kiwandani, na yeye anajaribu tiba mpya kwa mwili wake mwenyewe, kwa ajili yao. Wakaguswa. Wakakaa kumsubiri, kila mmoja akimkumbusha asitikisike. Alipoomba nyundo walimkatalia kwa upendo, wakisema wasije wakamharibia umbo. Hivyo alikaa mpaka jua lilipoanza kushuka, na mke wa Mwenye Nyumba akataka beseni lake. Mwenye Nyumba alileta nyundo, akapasua jasi kwa uangalifu mkubwa, wa kulilinda beseni.

Asali alisema anakwenda kiwandani kuulizia. Hakuna aliyemzuia, maana nani atoroke peku? Walimwombea safari njema. Aliondoka mbele ya macho ya wote, polepole, kila kokoto akilijua kwa jina, na vipande vya jasi vyenye umbo la nyayo zake wakavihifadhi kama amana.

Safari ya kufika mji wa jirani nisiisimulie, inatia uchungu hata kwa mtu kama yeye. Siku aliyofika sokoni nyayo zilikuwa zinawaka moto. Shangazi alikuwapo, chini ya mwavuli, viatu vimepangwa vizuri, na mbele kabisa, juu ya kitambaa, viatu vyake.

"Nipe viatu vyangu, mama."

Shangazi hakushtuka wala hakukasirika. Kwa sauti ya pole, mbele ya wateja, alimweleza kuwa hivyo si viatu, ni tiba. Vina kinundu cha kubeba uvungu ulioanguka. Kisigino kimeshikwa imara. Upande wa ndani umenyanyuliwa ili kifundo kisilale. Yalikuwa maneno yote ambayo Asali alikuwa akiwaambia wagonjwa, bila kukosa hata moja, maana Shangazi siku moja kabla ya kuingia alisikiliza dirishani. Wateja wakaanza kusogea. Mmoja akavishika. Asali alijua hasa maneno yale humfanya mtu afanye nini.

"Unataka nini?" aliuliza kwa haraka. "Sina kitu."

Shangazi alimtazama juu mpaka chini. Macho yakasimama mabegani.

Asali akavua koti jeupe, akamkabidhi. Akavaa viatu vyake palepale, akasimama, akafumba macho kidogo kwa raha. Alipoyafumbua, Shangazi alikuwa amekwisha lifunga koti vifungo vyote, limemkaa vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa yeye, na yule mteja wa kwanza alikuwa tayari ananyoosha mguu.

"Asante, Dokta," Asali alijikuta amesema.