Pua ya Gaidi

Jumatatu, 9 Machi
Ofisi ya mkoa imetangaza shindano la masanduku ya sanamu, yale ya mbao yenye vinyago vidogo ndani. Mada: "Gaidi Ashindwa". Sisi mafundi wa Huamanga, huku milimani Peru, tumezoea kufinyanga watakatifu na ng'ombe. Nikamuuliza karani wa ofisi, Bi Otilia, gaidi anafananaje. Akasema: kitambaa usoni, bunduki mkononi. Rahisi! Jirani yangu Teófilo hushinda kila mwaka. Safari hii hashindi ng'o. Chini ya kitambaa nimempa gaidi pua ya Teófilo, pamoja na chunjua lake. Nimecheka peke yangu mpaka gundi ikamwagika.

Jumatano, 11 Machi
Amri mpya. Otilia anasema gaidi siku hizi hafuniki uso. Ni mwalimu aliyegoma, mwenye miwani. Nikamvua kitambaa. Pua nje! Nilitaka kuibadilisha, ila ilipendeza mno. Sanduku likawekwa dirishani pa ofisi. Kapteni wa jeshi alilitazama muda mrefu, hasa ile pua.

Ijumaa, 13 Machi
Mlango wa Teófilo uko wazi. Supu mezani, bado ya moto. Mwenyewe hayupo. Mchana kweupe mtaa mzima umefunga madirisha, hata mbwa hawabweki. Niliogopa, kusema kweli. Kisha nikakumbuka: mshindani mmoja kapungua! Nikamwambia dada yake, Domitila, labda kaenda Lima. Akasema hakuna mtu aendaye Lima akaacha viatu chini ya kiti.

Jumapili, 15 Machi
Domitila na wenzake wamezunguka uwanja na mishumaa, wakitaja majina ya waliopotea. Otilia kaja mbio na sanduku: gaidi sasa avae sketi, ashike mshumaa. Haya, sketi! Nikamgandisha akitazama mlima. Nilipomaliza chai alikuwa kageuka mwenyewe, anautazama mlango wetu. Nikalirudisha ofisini mbiombio.

Jumanne, 17 Machi
Otilia kalitua sanduku kizingitini. Bila kuniangalia akasema gaidi sasa ni fundi anayetia watu hofu kwa sanamu. Nikafungua. Pua ya Teófilo haipo. Uso ni wangu! Rangi mbichi, na mpako ule naujua: ni wa Teófilo, hakuna mwingine auwezaye. Mke wangu Fortunata analia, anataka tupande basi la saa nane, twende kwa mama yake. Ati basi! Na masharubu wameyakosea hivi? Yangu ni mazito zaidi. Nimeyarekebisha mpaka yamefanana kabisa, nikaandika chini jina langu na mtaa. Saa tisa nampelekea kapteni mwenyewe. Mwaka huu ushindi ni wangu.